Daktari wa Macho Aliyejificha Katika Kiwanda cha Mbao

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, azima sindano na uzi. Fumba jicho moja, nyosha mikono yako mbele, kisha jaribu kuutunga uzi huo. Mara ya kwanza utapita mbele ya tundu, mara ya pili utapita nyuma yake, na mara ya tatu huenda ukakasirika. Si kwamba mkono wako umekuwa mzito. Jicho likiwa peke yake huona urefu na upana wa kitu, lakini halijui sawasawa kitu hicho kiko mbali kiasi gani. Kazi hiyo hufanywa na macho mawili yakishirikiana.

Sasa mfikirie daktari anayetakiwa kutafuta tundu dogo mno katika utando laini kama karatasi iliyolowa maji, ulio nyuma kabisa ya jicho la mtu mwingine. Anatazama kwa jicho moja tu. Mkono wake mmoja umeshika chombo cha kutazamia, na kile anachokiona ni kipande kidogo kama mtu anayechungulia sebule ya jirani kupitia tundu la ufunguo. Mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alibuni chombo cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, nacho huitwa oftalmoskopu. Kwa karibu miaka 100 baada ya hapo, madaktari wengi walifanya kazi kwa namna hiyo ya kuchungulia.

Aliyekataa katakata kuendelea hivyo ni Dk. Charles Schepens, mzaliwa wa Ubelgiji, ambaye wenzake wamemwita baba wa upasuaji wa kisasa wa retina. Alizaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 2006. Katika maisha hayo marefu alipata kuwa mwanafunzi wa hisabati, daktari, mfungwa, mwenye kiwanda cha mbao chini ya jina la uongo, mkimbizi, na hatimaye mtafiti ambaye taasisi kubwa ya uchunguzi wa macho mjini Boston, Marekani, imepewa jina lake. Kuyasimulia yote hayo katika ukurasa mmoja wa gazeti si kazi nyepesi. Nitakaa zaidi pale ninapoona pana uzito.

Plasta inayobanduka

Retina ni nini? Jicho linafanana na kamera zile za zamani za kutumia filamu. Mbele pana lenzi, nyuma pana filamu. Filamu hiyo ndiyo retina, utando ambao unene wake haufiki hata milimita moja, uliotandazwa ndani ya ukuta wa jicho kama plasta ilivyopakwa kwenye ukuta wa chumba. Kati ya lenzi na retina pamejaa ute mzito unaopitisha mwanga, mfano wa ute wa yai bichi. Mwanga ukiifikia retina hugeuzwa kuwa ujumbe, nao husafiri kwa mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Hapo ndipo tunaposema kwamba tunaona.

Ute huo haubaki vile ulivyokuwa utotoni. Kadiri umri unavyosogea hugeuka majimaji, hujikunyata, na huivuta retina mahali uliposhikamana nayo. Watu wengi hawadhuriki kwa jambo hilo. Lakini kwa baadhi yao, hasa wale ambao tangu ujana hawaoni mbali bila miwani minene, au waliopata kupigwa jichoni, au waliokwisha kupasuliwa mtoto wa jicho, mvuto ule huweza kuichana retina na kuitoboa. Majimaji hupenya katika tundu, huingia nyuma ya retina na kuibandua ukutani. Ni kama maji ya mvua yanavyoingia katika ufa wa plasta, yakaiangusha kipande baada ya kipande hadi ukuta mzima ukabaki mtupu. Retina iliyobanduka hukosa sehemu kubwa ya chakula chake, ambacho hukipata kutoka katika ukuta huo, na taratibu huanza kufa. Mwenye jicho hasikii maumivu yoyote, na ndiyo maana wengi huchelewa kwenda hospitali.

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyepatwa na ugonjwa huo alikuwa kama amekwisha kuhukumiwa upofu wa jicho hilo. Mgonjwa alilazwa chali kwa wiki nyingi, macho yote mawili yamefungwa kitambaa, kichwa kimewekewa vifuko vya mchanga huku na huku asije akakigeuza. Waliopona walikuwa wachache mno. Aliyeleta tumaini la kwanza ni Dk. Jules Gonin, wa mji wa Lausanne huko Uswisi. Yeye aling'amua kwamba tundu ndilo chanzo cha retina kubanduka, na kwamba tundu likizibwa, retina hurudi mahali pake. Alichukua chuma chembamba chenye moto, akakichomeka katika ukuta wa jicho hadi pale penye tundu, akaliziba kwa kovu. Wenzake walimtilia shaka kwa miaka mingi. Ni katika mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho uliofanyika Amsterdam mwaka 1929 ndipo wengi walipoukubali ukweli wa maneno yake.

Hata hivyo, njia ya Gonin ilikuwa na kizingiti. Huwezi kuziba tundu usilolijua lilipo. Na matundu mengi hutokea pembezoni mwa retina, upande wa mbele wa jicho, mahali ambapo chombo cha kutazamia kwa jicho moja kilifika kwa shida, au hakikufika kabisa. Daktari aliweza kuziba tundu moja akajiona amemaliza kazi, kumbe limebaki la pili ambalo hakuliona, na baada ya muda mfupi plasta yote ikaanguka tena. Tangu hapo swali halikuwa tena namna ya kuziba, bali namna ya kuona.

Dk. Gonin alifariki mwaka 1935. Mwaka huo huo kijana mmoja wa Kibelgiji alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ghent.

Kutoka Brussels hadi msituni

Kijana huyo, Charles Schepens, alizaliwa katika mji wa Mouscron, ulio mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari, lakini mwanzoni mwana alipendelea hisabati, naye aliisomea kabla ya kuifuata kazi ya baba. Nadhani hisabati ile haikupotea bure, kwani vioo na lenzi na pembe za mwanga, mambo ambayo baadaye yalimpatia sifa, ni hesabu tupu. Baada ya Ghent alikwenda London kujifunza maradhi ya macho katika hospitali ya Moorfields, mojawapo ya hospitali kongwe za macho duniani.

Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Ubelgiji. Schepens alikuwa daktari katika jeshi la anga la nchi yake. Nchi ikaanguka, naye akarudi Brussels kuwatibu wagonjwa wake kama raia wa kawaida. Hakuwa na nia ya kuwa shujaa. Lakini Gestapo, yaani polisi wa siri wa Kinazi, walimkamata na kumshitaki kwamba gari lake lilitumika kuwasafirisha marubani wa nchi zilizopigana na Ujerumani. Shitaka hilo halikuwa la kweli. Wakamweka ndani siku kadhaa, kisha wakamwachia. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matarajio yao, kwani mtu aliyeingia kizuizini bila hatia alitoka akiwa na dhamira ya kuitenda hatia hiyo kwa dhati. Chumba chake cha kuwaonea wagonjwa kikageuka kuwa posta ya siri ya wapiganaji wa chini kwa chini. Mgonjwa aliingia na jicho lake, akatoka na bahasha.

Siri hiyo ilipofichuka mwaka 1942, daktari alitorokea Paris, na kutoka hapo akaenda kusini kabisa mwa Ufaransa, katika kijiji cha Mendive kilicho chini ya milima ya Pyrenees. Upande wa pili wa milima hiyo ni Hispania. Wenyeji wa huko ni Wabaski, watu wenye lugha yao ambayo haifanani na Kifaransa wala Kihispania, na ambao vijia vya milimani wanavijua kama viganja vya mikono yao.

Hapo palikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao kilichokuwa kimeachwa. Kilikuwa na kamba ndefu za chuma zilizopita juu ya mabonde, zikining'iniza magogo kutoka katika msitu wa Iraty, ulio juu milimani karibu na mpaka, hadi kiwandani. Schepens, ambaye sasa alijiita Jacques Pérot, alikifufua kiwanda hicho kwa msaada wa wenzake. Naomba hapa msomaji aelewe vizuri: kiwanda hakikuwa cha maonyesho tu. Wafanyakazi waliajiriwa, misumeno iliunguruma, mbao zilipatikana na kuuzwa. Daktari wa macho, ambaye pengine hakuwahi kupasua hata kuni, alilazimika kujua bei ya magogo na mishahara ya vibarua. Waliomtembelea, wakiwamo Wajerumani wenyewe, walimwona kuwa mfanyabiashara mwenye bidii.

Kumbe kamba zile zilizoshusha magogo zilipandisha mambo mengine. Hati za siri na fedha zilipelekwa juu, zikavushwa kwenda Hispania. Baadaye watu nao wakaanza kupanda. Walikuwa marubani walioangushwa, wafungwa waliotoroka, na vijana waliokuwa wakitafutwa. Walifika Mendive kwa visingizio vya kutafuta kazi, wakachanganyika na wakata miti, na usiku ukiingia walivushwa mpaka. Mmoja wa waliosaidia kazi hiyo alikuwa mchungaji wa kondoo, Mbaski aliyeitwa Jean Sarochar. Zaidi ya watu 100 waliokolewa kwa njia hiyo.

Julai 1943 Gestapo walibisha hodi kiwandani, na safari hii walijua wanamtafuta nani. Bw. Pérot hakubabaika. Aliwaomba ruhusa ya kwenda kwanza kuwapangia wafanyakazi wake kazi za siku hiyo, ili pasitokee fujo. Ombi lenyewe lilikuwa la kiungwana kabisa, ombi la meneja anayejali kiwanda chake. Alitoka, akaingia msituni, na hakurudi tena.

Alivuka milima hadi Hispania. Lakini mkewe na watoto wao wadogo walibaki nyuma, mikononi mwa watu waliotaka kuwatumia kama chambo cha kumnasa mume. Ukisoma habari za mashujaa wa vita, mara nyingi wake zao hutajwa kwa mstari mmoja kisha wakasahauliwa. Bibi Schepens anastahili zaidi ya hapo. Naye pia alifaulu kuponyoka, akaipanda milima ya Pyrenees kwa miguu pamoja na watoto, akatokea upande wa pili. Familia ilikutana tena Uingereza, baada ya miezi mingi ya kutokuwa na hakika kama kila mmoja angali hai.

Vyuma vya kuokota

London waliyoikuta ilikuwa imebomolewa na mabomu. Dk. Schepens alirudi Moorfields, na katika mitaa iliyojaa vifusi alianza kuokota vipande vya vyuma. Kutokana na chakavu hicho alijenga mfano wa kwanza wa chombo alichokitamani.

Tukieleze chombo chenyewe. Daktari huvaa kichwani ukanda wenye taa ndogo, mithili ya mchimba madini. Mbele ya macho yake huning'inia vioo viwili vya kutazamia. Mkono mmoja hushika lenzi mbele ya jicho la mgonjwa. Ndani ya chombo, vioo na miche ya kioo huusogeza mtazamo wa macho yote mawili ya daktari ukaribiane, ili yapate kupenya pamoja katika mlango ule mwembamba wa mboni. Macho mawili yakiingia, kina huonekana. Utando uliobanduka huonekana umevimba na kuelea, tundu huonekana kuwa tundu. Na kwa kuwa taa iko kichwani, mkono wa pili wa daktari uko huru.

Mkono huo wa pili ulipewa kazi ya ajabu. Schepens aliuvika kifaa mfano wa tondoo la mshonaji, chenye ncha butu. Kwa kifaa hicho daktari huubonyeza taratibu ukuta wa jicho kutoka nje, juu ya kope, na zile pembe za retina zilizojificha mbele husukumwa ndani zikaonekana. Mgonjwa haioni raha, hilo halina ubishi. Lakini kwa mara ya kwanza retina iliweza kukaguliwa yote, kutoka katikati hadi ukingoni.

Chombo hicho kina kichekesho chake, nacho ni kwamba picha huonekana miguu juu na kichwa chini, na kulia huwa kushoto. Mwanafunzi anayeanza hutafuta tundu mashariki kumbe liko magharibi. Huchukua miezi mingi ya mazoezi kabla akili haijazoea kugeuza kila kitu. Si ajabu kwamba madaktari wengi wazima waliokuwa wamezoea kile chombo cha zamani walikidharau hiki, wakisema ni kizito na cha usumbufu bure.

Boston

Mwaka 1947 Dk. Schepens alihamia Marekani na kuanza kazi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1949 alianzisha, katika hospitali ya Massachusetts Eye and Ear Infirmary, kitengo maalumu kwa ajili ya maradhi ya retina peke yake, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Kabla ya hapo retina ilikuwa sehemu tu ya kazi ya daktari yeyote wa macho, na kwa kuwa matokeo yake yalivunja moyo, wachache walipenda kujishughulisha nayo. Mwaka 1950 akaanzisha shirika la utafiti lililoitwa Retina Foundation. Alimwita mwanasayansi mwenye asili ya Hungaria, Endre Balazs, ambaye alifanya kazi ya kuuchunguza ule ute unaojaza jicho.

Katika chumba cha wagonjwa Schepens alikuwa mtu wa masharti. Hakuruhusu kisu kishikwe kabla retina yote haijachorwa kwenye karatasi. Mgonjwa alilala chali, na daktari akamzunguka kitanda, akitazama, akichora, akitazama tena. Retina iliyo mahali pake ilipakwa rangi nyekundu, iliyobanduka ikapakwa buluu, na uchafu ndani ya ute ukapakwa kijani. Kila tundu liliwekwa mahali pake kama mji kwenye ramani. Kuchora huko kuliweza kuchukua muda mrefu kuliko vile ambavyo daktari mwingine angemaliza kila kitu na kwenda nyumbani. Wapo waliomwona kuwa mtu wa kupoteza wakati. Mimi, nikikumbuka fundi mwashi aliyewahi kupiga plasta ukuta wangu bila kuutazama kwanza, namwelewa Schepens.

Kisha alileta mabadiliko katika upasuaji wenyewe. Badala ya kutegemea kuchoma tu, alitumia njia ya kuusogeza ukuta wa jicho uifuate retina. Kitu laini hushonwa nje ya ukuta mweupe wa jicho, kikaukandamiza ndani kidogo pale penye tundu, hata ukuta ukagusana tena na retina na kuuzima ule mvuto wa ute. Haki itendeke hapa: Mjerumani Ernst Custodis alikuwa amekwisha kufanya jambo la namna hiyo mwaka 1949. Schepens alilianza Marekani mwaka 1951, akaliendeleza kwa kulizungushia jicho zima kijimkanda, kwanza cha plastiki na baadaye cha silikoni, mithili ya mkanda unaobana kiuno cha suruali. Mkanda huo hubaki ndani ya mwili wa mgonjwa maisha yake yote, nyuma ya kope, na watu wa mitaani hawajui kama upo.

Matokeo yake yalionekana. Upasuaji wa retina iliyobanduka, ambao awali ulifaulu kwa wagonjwa wapatao 40 katika kila 100, ulifikia kufaulu kwa wagonjwa wapatao 90. Tuseme wazi, hata hivyo, kwamba retina kurudi mahali pake si lazima iwe na maana kwamba mgonjwa ataona kama zamani. Ikiwa kitovu cha retina, kile kinachosoma maandishi na kutambua nyuso, kimekaa siku nyingi kikiwa kimebanduka, baadhi ya uoni hupotea hata fundi awe hodari namna gani.

Aliwafundisha madaktari waliotoka nchi nyingi, nao wakarudi kwao na ukanda ule wa kichwani. Mwaka 1967 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa retina, Retina Society. Aliandika makala za kitaalamu zaidi ya 300. Pamoja na Dk. Tatsuo Hirose alijishughulisha pia na macho ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, ambao mishipa ya retina zao huweza kukua ovyo na kuibandua retina wangali wachanga.

Sayansi haikusimama kwake. Mwaka 1970 Dk. Robert Machemer, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Miami, alionyesha njia ya kuingiza kifaa chembamba ndani ya jicho na kuutoa ute wenyewe. Siku hizi wagonjwa wengi hutibiwa kwa njia iliyotokana na hiyo, na ule mkanda hautumiki tena kwa wingi kama zamani. Tundu likigunduliwa mapema, kabla retina haijabanduka, huzibwa kwa mwanga mkali wa leza, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku ile ile. Hata hivyo, chombo cha kichwani hakijastaafu. Ukienda katika idara za macho za hospitali zetu kubwa, kama vile Muhimbili au KCMC, na daktari akakulaza chali, akazima taa za chumba na kuvaa taa kichwani, basi umekutana na mjukuu wa vile vyuma vya London.

Dalili za kuzingatia

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, nisiache kutaja dalili. Ukiona ghafula vimulimuli vya mwanga pembeni mwa jicho, hasa gizani. Au vidoadoa vyeusi vingi vinavyoelea kama inzi au masizi, ambavyo jana havikuwapo. Au kivuli kama pazia linaloshuka, linalopanda au linalotoka upande mmoja wa jicho, hayo si ya kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na useme wazi ulichokiona. Usitie dawa ya matone uliyonunua dukani, maana hakuna tone linaloweza kurudisha plasta ukutani. Kumbuka pia kulijaribu kila jicho peke yake kwa kulifunika lile lingine kwa kiganja, kwani jicho zima huweza kuficha ugonjwa wa mwenziwe kwa majuma mengi.

Wenye kisukari wana habari yao nyingine. Kwao mishipa midogo ya retina huharibika polepole, na huweza kuvuja damu, hali mwenyewe bado anasoma gazeti bila shida. Wanashauriwa kupimwa retina kila mwaka hata kama hawana malalamiko yoyote. Na mzazi aliyejaliwa mtoto njiti na aulize kabla ya kuondoka wodini kama macho ya mtoto yamepimwa au yatapimwa lini.

Nishani

Miaka mingi ilipita, na wagonjwa na wanafunzi wa Dk. Schepens huko Boston walimjua kuwa profesa wa macho tu. Habari za Jacques Pérot zilikuja kujulikana kwa wengi alipokuwa mzee, na mwaka 2004 mwandishi wa Kimarekani, Meg Ostrum, alitoa kitabu kuhusu yeye na yule mchungaji Sarochar. Taasisi aliyoianzisha ilikwisha kupewa jina lake wakati huo. Mwaka 2011 iliunganishwa na hospitali ile ile alikoanzishia kitengo chake cha retina.

Machi 2006, alipotimiza miaka 94, serikali ya Ufaransa ilimtunukia nishani yake kubwa ya Légion d'honneur. Ilikuwa kwa ajili ya watu wale waliovushwa milimani, zaidi ya miaka 60 baadaye. Alifariki mwezi huo huo, siku chache baada ya kuipokea.